Breki ya Pikipiki na Kinga ya Ajali



Uko msemo usemwao mara nyingi matangani: "Ajali haina kinga." Mwili wa kijana umekwisha kuletwa kutoka hospitali, pikipiki yake imeegeshwa ukutani hali imepinda mbele, na wazee waliokaa mkekani hutikisa vichwa na kulitamka neno hilo ili kuwafariji wafiwa. Hatutaki kuwanyang'anya wafiwa faraja yao. Lakini neno lifaalo matangani halifai barabarani, kwani mtu aliaminiye kabla ya safari hana sababu ya kujifunza kitu. Leo twataka kuonyesha kwamba ajali nyingi za pikipiki zina kinga, na kwamba sehemu kubwa ya kinga hiyo imo katika mkono wa kulia wa dereva mwenyewe.

Hapana haja ya kuwaeleza pikipiki ni chombo gani. Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, na jina lake latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baadaye pikipiki za bei nafuu zilipoingia, baiskeli ziliachwa nyuma. Siku hizi mama mwenye uchungu hupelekwa zahanati kwa pikipiki, gunia la mahindi hufika sokoni kwa pikipiki, na watoto huenda shule kwa pikipiki. Chombo hiki kimetufaa sana. Lakini vijana wengi hufundishwa na rafiki kiwanjani kwa siku mbili tatu tu: hii klachi, hizi gia, hapa pa kuongeza mafuta. Hufundishwa jinsi ya kwenda. Jinsi ya kusimama ghafula huachiwa waifahamu siku ya hatari yenyewe, na siku hiyo haina mwalimu.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika mji wa Los Angeles huko Marekani, mtaalamu Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walizichunguza ajali 900 za pikipiki pale pale zilipotokea, wakatoa taarifa yao mwaka 1981. Waliona kwamba madereva 92 katika kila 100 walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Tena waliona kwamba tangu hatari kuanza hata kugongana, kwa kawaida dereva hupata muda usiotimia sekunde 2. Na katika muda huo mfupi kosa lililorudiwa mara nyingi lilikuwa moja: dereva aliikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote hata gurudumu likafungwa na kuteleza, na breki ya mbele, ambayo ndiyo ingaliweza kumwokoa, hakuishika vya kutosha.

Kwa nini breki ya mbele?

Kumbukeni mlivyokuwa ndani ya basi, dereva wake akafunga breki kwa ghafula. Abiria wote huinama mbele, na kikapu kilichowekwa sakafuni huteleza kuelekea kwa dereva. Mambo ndivyo yalivyo katika pikipiki pia. Mara breki inaposhika, uzito wa chombo na wa watu waliopanda huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini, nalo huishika barabara kwa nguvu zaidi. Gurudumu la nyuma hupungukiwa na uzito, likawa jepesi, na kitu chepesi hakiwezi kushika njia. Kwa hiyo katika lami kavu, nguvu ya kusimamisha pikipiki kwa haraka hutoka gurudumu la mbele kwa zaidi ya theluthi mbili. Atumiaye breki ya mguu peke yake ameiacha kazi kubwa bila mtendaji.

Wanafunzi waweza kuyajaribu haya kwa baiskeli. Mmoja aisukume baiskeli huku akitembea kando yake, kisha aibane breki ya mbele peke yake. Ataona gurudumu la nyuma lataka kuinuka. Halafu aisukume tena na kuibana breki ya nyuma peke yake. Gurudumu litafungwa na kuburutwa, litachora mstari mchangani, na baiskeli itaendelea kwenda mbele. Mstari ule mchangani ni sawa na ile alama nyeusi ndefu ionekanayo katika lami mahali penye ajali. Watu huitazama alama hiyo na kusema, "Maskini, alijitahidi sana kufunga breki." Ni kweli alijitahidi, lakini jitihada yake aliiweka mahali pasipofaa.

Wengi huiogopa breki ya mbele, wakisema kwamba itawapindua. Hofu hiyo ina asili yake, kwa maana breki ya mbele humwangusha mtu aikamataye kwa kishindo, au aishikaye huku amepinda usukani, au aifungaye kwa nguvu juu ya mchanga. Lakini dawa yake ni kujifunza kuitumia. Kuiacha si dawa. Mkamuaji wa ng'ombe haikamati chuchu kwa kishindo. Huibana kwanza kwa utaratibu, ndipo huzidisha nguvu. Breki ya mbele yataka mkono wa namna hiyo. Kwanza vidole hubana kidogo, uzito ukahamia mbele na gurudumu likakandamizwa chini. Kisha mkono huzidi kubana, kwa kuwa sasa gurudumu limepata nguvu ya kupokea breki. Hayo yote hutimia katika muda mfupi kuliko kuyasimulia, bali mpango wake ni huo: kubana, kisha kuzidisha kubana.

Namna ya kusimama penye hatari

Dereva anyoshe usukani na kuisimamisha pikipiki wima. Abane breki ya mbele kama tulivyosema, na wakati uo huo akanyage breki ya nyuma kwa wepesi, akizidi kuilegeza kadiri uzito unavyohamia mbele. Avute klachi ili injini isizimike. Abane tangi kwa magoti, ili mwili wake usisukumwe juu ya usukani. Na macho yake ayainue, atazame mahali penye nafasi, kwani mtu hufuata macho yake. Akitazama shimo, ataingia shimoni.

Gurudumu la mbele likifungwa na kuanza kuteleza, aiachie breki mara moja, kisha aibane tena kwa utaratibu. La nyuma likifungwa na pikipiki ikaenda upande, asiiachie kwa ghafula, maana gurudumu likishika njia ghafula hali pikipiki imekaa upande, humrusha mtu juu.

Wako wasemao kwamba dereva aonapo hawezi kukwepa, heri ailaze pikipiki chini iteleze. Neno hili limewaponza wengi. Mpira wa tairi huishika lami vizuri kuliko chuma. Pikipiki iliyolala huteleza kwa vyuma vyake, nayo hukawia kusimama kuliko ile iliyo juu ya magurudumu yake. Na dereva aliyekwisha kuanguka hana tena breki wala usukani. Bora kupunguza mwendo mpaka dakika ya mwisho, hata kama kugonga hakuepukiki, kwa sababu kila kilometa iliyopunguzwa ni nguvu iliyopungua katika pigo.

Hesabu ya mwendo

Yafaa sasa tufanye hesabu, kwani hapa ndipo madereva wengi hujidanganya. Dereva aonapo hatari, mkono wake haushiki breki papo hapo. Jicho huona, akili hutambua, ndipo mkono hutenda. Wanafunzi wapime hivi: mmoja ashike rula kwa juu na kuiachia bila kutoa habari, na mwenziwe aidake kwa vidole viwili. Ikianguka sentimita 20 kabla ya kudakwa, muda uliopita ni sehemu mbili za kumi za sekunde. Naye huyo alikuwa akiingoja rula! Barabarani, mtu asiyekuwa akingoja kitu, tena ambaye lazima kwanza atambue ni hatari gani, huhitaji kadiri ya sekunde 1, na mara nyingine zaidi.

Pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa hupita mita 17 katika sekunde 1 hiyo, kabla breki haijaguswa. Kisha breki zote mbili zikitumiwa vizuri juu ya lami kavu, huhitaji mita 20 nyingine kusimama. Jumla ni mita 37, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Kwa mwendo wa kilometa 30 jumla ni mita 13 tu. Kwa 50 ni mita 28. Kwa 80 ni mita 58. Tazameni vizuri: mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kufunga breki huzidi mara nne. Naye atumiaye breki ya nyuma peke yake, akienda kilometa 60, aweza kuhitaji mita 57 badala ya 37.

Sasa fikirini madereva wawili waendao sambamba, mmoja kwa kilometa 50 na mwenziwe kwa 60. Mtoto atokea ghafula mita 29 mbele yao. Wote wawili waona wakati mmoja, na wote washika breki kwa ustadi ule ule. Wa kwanza asimama hatua moja kabla ya kumfikia mtoto. Wa pili amekwisha kula mita 17 kabla ya kushika breki, zimebaki 12. Amfikia mtoto akiwa bado aenda kilometa zaidi ya 35 kwa saa. Pigo la mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wenye urefu wa mita 5. Tofauti yao ilikuwa kilometa 10 tu, ambazo katika safari ya kwenda sokoni humpa mtu faida ya dakika moja au mbili.

Hesabu hiyo ni ya lami kavu, tairi nzima na breki njema. Mvua ikinyesha, umbali huzidi sana. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani vikawa utelezi. Katika changarawe na mchanga breki ya mbele ishikwe kwa wepesi mno, ya nyuma isaidie zaidi, na mwendo upunguzwe mapema. Kwenye mteremko, wako wazimao injini ili kuhifadhi petroli. Hao huitupa breki ya tatu, kwani injini iliyo katika gia ndogo huizuia pikipiki yenyewe.

Tena upo mzigo. Abiria mmoja huongeza uzito ambao breki lazima iuzuie, naye husukumwa mbele na kumlemea dereva mgongoni. Yafaa dereva amwambie kabla ya kuondoka ashike vizuri na asijitikise. Ama ile desturi ya kupakia abiria watatu au wanne, iitwayo mishikaki, huharibu kila hesabu tuliyoitaja: breki haiwezi, usukani huwa mwepesi, na wa mwisho hana pa kushika.

Kuona kabla ya kufika

Kutokana na hesabu hizo yatokea kanuni moja: umbali unaohitajiwa kusimama usizidi umbali unaoonekana mbele. Kwenye kona, kwenye kilima, katika vumbi la lori na usiku kwa taa dhaifu, dereva aendaye kasi kupita macho yake amekwisha kuitupa breki yake, ingawa bado haijamjia hatari.

Twaweza kutoa mfano wa mtu mashuhuri. T. E. Lawrence alikuwa ofisa wa Kiingereza aliyepata sifa kwa kupigana pamoja na Waarabu wa Hejaz katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipenda mno pikipiki na alikuwa mzoefu wake. Tarehe 13 Mei, 1935, alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill katika jimbo la Dorset, akipita barabara yenye bonde. Mbele yake walikuwako vijana wawili wenye baiskeli, na bonde liliwaficha. Alipowaona, nafasi ilikuwa imekwisha. Alijaribu kuwakwepa, akamgusa mmoja, akarushwa juu ya usukani. Vijana walipona. Yeye alikuwa hana kofia ngumu kichwani. Alilala bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei akiwa na umri wa miaka 46. Uzoefu wake haukuweza kumwonyesha kilichokuwa ndani ya bonde.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Baadaye Cairns alichunguza majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kuonyesha jinsi kofia ngumu inavyookoa maisha. Mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake waivae, na mwaka 1973 ikawa sheria kwa watu wote nchini humo. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walieleza mwaka 2008 kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika 100. Lakini kofia iliyotundikwa mkononi haikingi kichwa, wala ile isiyofungwa ukanda wake kidevuni, kwani huruka kabla ya kichwa kufika chini. Abiria naye ana kichwa kama dereva.

Kukitunza chombo na kuuzoeza mkono

Wako waundaji waliokwisha kutengeneza breki zisizofunga gurudumu: chombo kidogo huhisi gurudumu likitaka kufungwa, kikailegeza na kuishika breki tena mara nyingi katika sekunde moja. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliziweka katika pikipiki zake mwaka 1988. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2016, na India tangu mwaka 2018, umewekwa ulazima wa breki hizo katika aina mpya za pikipiki kubwa kidogo. Lakini pikipiki nyingi za bodaboda hazina kitu hicho, na dereva hana budi kuwa na ufundi huo katika vidole vyake.

Basi kila asubuhi aibane breki ya mbele na kuisukuma pikipiki. Ikiwa yaenda, asiondoke. Aangalie waya wa breki kama haujachakaa, na breki kama hazijalika. Tairi kipara libadilishwe, kwa maana breki husimamisha gurudumu tu. Kinachoisimamisha pikipiki ni tairi linaloshika njia.

Na aufundishe mkono wake. Atafute kiwanja kigumu au njia isiyopita watu, avae kofia, aweke jiwe pembeni kuwa alama. Aanze kwa kilometa 20 kwa saa. Afikapo penye jiwe, abane breki zote mbili kwa utaratibu mpaka asimame, kisha apime kwa hatua. Arudie mara kumi. Akiisha kuzoea, aende kwa 30, halafu 40. Ataona hatua zikipungua jinsi mkono unavyojifunza. Wazee wa kijiwe waweza kuwafanyia hivyo vijana wageni kabla ya kuwapa abiria, kama vile nahodha asivyomkabidhi usukani mtu asiyejua kutua tanga. Kazi hiyo huchukua alasiri moja na petroli kidogo.

Hatusemi kwamba ajali zote zitakwisha. Ng'ombe wataendelea kukatiza njia, na wenye motakaa wataendelea kusema, "Sikumwona." Lakini kati ya kuona hatari na kuifikia ziko zile sekunde 2, nazo humtosha aliyejizoeza, aendaye kwa mwendo wa kadiri. Ewe kijana wa bodaboda, abiria aliyekaa nyuma yako hawezi kuzitumia kwa niaba yako. Jizoeze leo, hali njia ni nyeupe.